Ukuta Usiohesabiwa Hautazamwi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia. Mazungumzo haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili mwalimu na wanafunzi wapate kuyasoma tena darasani.

Mwenye daftari na aliweke mbele yake, maana leo tutapiga hesabu kidogo, na mwisho wa somo kutakuwa na maswali.

Mara nyingi tunaposoma historia tunasoma habari za wafalme, vita na mikataba. Leo tutasoma historia ya ukuta. Si ukuta wa nyumba, wala si ukuta wa boma, bali ni ukuta unaozuia udongo kando ya barabara.

Wengi wenu mmesafiri kwa basi penye milima. Labda umepanda Kitonga ukielekea Iringa, au umetoka Mombo kwenda Lushoto, au umeshuka katika Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu. Upande mmoja wa basi uliona mlima, na upande wa pili uliona shimo. Je, ulijiuliza barabara ilipataje mahali pa kukaa? Wajenzi wa barabara ya mlimani huukata mlima upande wa juu, na udongo ule huutumia kujaza upande wa chini. Mahali ambapo udongo hauwezi kusimama wenyewe, hujenga ukuta. Ukuta wa juu huuzuia mlima usiiangukie barabara. Ukuta wa chini huizuia barabara yenyewe isiporomoke shimoni.

Sasa fikiri ni nani anayeutazama ukuta huo. Abiria humtazama dereva. Dereva hutazama kona. Fundi wa barabara hutazama mashimo ya lami. Ukuta wa chini hauonekani kabisa kwa mtu aliye barabarani, maana yeye yuko juu yake. Basi ukuta hufanya kazi usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, wala hakuna anayeujulia hali. Somo letu la leo laeleza jinsi watu katika nchi mbalimbali walivyojifunza kuzihesabu kuta hizo na kuzikagua. Wengi walijifunza baada ya kuzika.

UDONGO UNAVYOSUKUMA

Tuanze na jambo la kwanza: kwa nini udongo unausukuma ukuta? Ukimwaga mchanga mkavu mezani, hautasimama kama tofali. Utajifanyia kichuguu chenye mteremko, na kila ukizidi kumwaga, mteremko unabaki vile vile. Sasa weka ubao upande mmoja wa kichuguu, ujaze mchanga nyuma yake mpaka juu. Ukiuondoa ubao ghafula, si mchanga wote utakaoanguka. Kitaanguka kipande chenye umbo la kabari, na uliobaki utasimama kwa mteremko wake wa kawaida. Kabari hiyo ndiyo mzigo wa ukuta.

Mtu aliyeieleza kabari hiyo kwa hesabu alikuwa Mfaransa, jina lake Charles-Augustin Coulomb. Alikuwa askari injinia. Mwaka wa 1764 alipelekwa kisiwa cha Martinique kujenga ngome, akakaa huko mpaka mwaka wa 1772, na kazi ile ilimharibia afya yake. Aliporudi kwao aliandika yale aliyojifunza, akayasoma mbele ya wataalamu wa Paris mwaka wa 1773. Hesabu yake inatumika mpaka leo.

Hesabu hiyo ina jambo moja la kushangaza. Ukuta ukiongezwa kimo mara mbili, msukumo wa udongo hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Ukuta wa mita 4 si ndugu wa ukuta wa mita 2. Ni mtu mwingine kabisa. Basi fundi anayejua kujenga ukuta mfupi, akaongeza mawe juu yake bila kuongeza unene wala msingi, anajenga hatari.

MAJI NDIYO ADUI

Jambo la pili ni maji. Tupige hesabu. Debe moja la maji lina lita 20, nalo lina uzito wa kilo 20. Mita moja ya maji kila upande, yaani urefu, upana na kimo, ni madebe 50, sawa na kilo 1,000 au tani moja.

Sasa chukua ukuta wenye kimo cha mita 4. Tutazame kipande chake cha urefu wa mita moja tu. Nyuma yake pakiwa na mchanga wa kawaida ulio mkavu, kipande hicho husukumwa kwa nguvu ya tani 5 hivi. Mvua ikinyesha mpaka udongo ukajaa maji hadi juu, na maji yasipate pa kutokea, maji peke yake husukuma kwa tani 8, na jumla hupita tani 10. Ukuta ni ule ule, mawe ni yale yale, lakini kwa usiku mmoja wa mvua mzigo wake umezidi mara mbili.

Kwa sababu hiyo mafundi huacha matundu katika ukuta ili maji yatoke. Nyuma ya matundu huweka kokoto ili udongo usitoke pamoja na maji. Ninyi nyote mnaijua methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini katika ukuta wa kuzuia udongo fahamuni vizuri ni kipi kinachozibwa. Yako matundu ambayo ukiyaziba, ndipo utakapojenga ukuta. Wako watu wema wanaoona tundu linatiririsha maji machafu, wakachukua saruji wakaliziba ili ukuta upendeze. Wanaufunga ukuta mdomo. Tundu linalotoa maji baada ya mvua ni dalili ya afya. Tundu lililokuwa likitoa maji kila masika, na mwaka huu ni kavu huku mvua ni ile ile, ndilo la kutilia shaka.

DARAJA LILILOAMSHA WATU

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Nchini Marekani, katika mji wa Point Pleasant, palikuwa na daraja juu ya mto Ohio. Watu waliliita Silver Bridge, yaani Daraja la Fedha, kwa rangi yake. Lilijengwa mwaka wa 1928. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, magari yakiwa yamejaa juu yake, daraja lilivunjika likaanguka mtoni. Watu 46 walikufa. Wachunguzi walikusanya vyuma kutoka mtoni, wakaona kwamba chanzo kilikuwa ufa mdogo katika chuma kimoja, ufa wenye kina cha kama milimita mbili na nusu.

Watu wa Marekani waliuliza: ni nani aliyekuwa na kazi ya kuyatazama madaraja yetu? Hapakuwa na sheria moja ya nchi nzima. Mwaka wa 1968 ikatungwa sheria, na mwaka wa 1971 zikatolewa kanuni: kila daraja la barabara kuu liandikwe katika orodha, na likaguliwe kwa kawaida kila baada ya miaka miwili.

Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini angalieni: sheria ilisema daraja. Haikusema ukuta. Ukuta unaoshikilia barabara ya kufikia daraja, au unaoizuia barabara isiteremke mtoni, haukuingia katika orodha ile. Daraja likapata karani, na ukuta ukabaki yatima.

MVUA YA HONG KONG

Mji mmoja uliozihesabu kuta zake ni Hong Kong, pwani ya China, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Waingereza. Mji ule ni wa milima mikali na watu wengi, basi nyumba na barabara zake zimekaa juu ya udongo uliokatwa na udongo uliojazwa.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1972 mvua kubwa ilinyesha siku tatu. Tarehe 18 Juni, mahali paitwapo Sau Mau Ping, tuta la udongo liliporomoka juu ya vibanda vya watu, wakafa watu 71. Siku hiyo hiyo, penye barabara ya Po Shan, mlima uliteremka ukaangusha jengo la ghorofa nyingi, wakafa watu 67. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Agosti 1976, tuta jingine la Sau Mau Ping lilianguka, wakafa watu 18. Wachunguzi waliona kwamba udongo wa tuta lile ulikuwa umemwagwa tu, haukushindiliwa vizuri.

Basi mwaka wa 1977 serikali iliunda ofisi maalumu ya mainjinia wa udongo. Kazi yao ya kwanza haikuwa kujenga. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Walipita mjini na kuandika kila mteremko uliotengenezwa na watu, na kila ukuta wa kuzuia udongo. Orodha ya kwanza ilikuwa na majina kama 10,000.

Orodha ile ilikuwa mwanzo tu. Tarehe 23 Julai 1994, usiku, ukuta wa zamani wa mawe ulianguka karibu na majumba ya Kwun Lung Lau, ukaua watu 5 waliokuwa njiani chini yake. Uchunguzi ulionyesha mambo mawili. La kwanza, ukuta ulikuwa mwembamba kuliko ilivyodhaniwa. Kwa mbele ulionekana mnene na wenye nguvu, lakini nyuma hapakuwa na mawe ya kutosha. La pili, mabomba ya maji machafu na mifereji iliyozikwa ardhini nyuma yake ilikuwa imeharibika na kuvujisha maji udongoni. Kwa hiyo ukuta ulikuwa ukinyweshwa maji kisirisiri hata siku za jua.

Baada ya msiba huo kazi iliongezwa mwendo. Kufika mwaka wa 1998 orodha ilikuwa na miteremko na kuta zaidi ya 50,000, na siku hizi ni kama 60,000. Kila mmoja una namba yake, na namba hiyo imeandikwa kwenye kibao mahali penyewe, hata mpita njia anaweza kuisoma. Mwongozo uliotolewa mwaka wa 1995 ulitaka kuta hizo zitazamwe kila mwaka, vizuri zaidi kabla ya masika yao, na injinia azikague kwa makini angalau mara moja kila miaka mitano. Tangu mwaka wa 1947 maporomoko yameua zaidi ya watu 470 katika mji huo, na wengi wao walikufa kabla kazi hii haijashika mizizi. Mvua haikupungua. Kilichozidi ni macho.

UKUTA WA NEW YORK

Turudi Marekani. Kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan, katika mji wa New York, kuna majumba ya kukaa yaitwayo Castle Village, juu ya kilima. Chini ya kilima hupita barabara kuu kando ya mto Hudson. Kati ya majumba na barabara palikuwa na ukuta wa mawe wenye kimo cha mita 23 hivi, uliojengwa katika miaka ya 1920.

Ukuta ule haukuanguka bila kutoa habari. Nyufa zilikuwa zimeonekana, na mahali pengine ukuta ulikuwa umevimba. Wenye nyumba walikuwa wameajiri mainjinia wa kuutazama. Lakini kutazama ni jambo moja, na kutengeneza ni jambo jingine. Alasiri ya tarehe 12 Mei 2005, kipande kirefu kiliporomoka. Mawe, udongo na miti viliyafukia magari yaliyoegeshwa, vikafunga barabara. Kwa bahati hakuna aliyekufa.

Hapo pakatokea swali ambalo ninyi pia mtalijadili darasani. Ukuta ulikuwa mali ya wenye majumba. Barabara ilikuwa mali ya watu wote. Hatari ilimwangukia mpita njia, ambaye hana hisa katika jumba wala hajui kwamba ukuta una mwenyewe. Je, mwenye ukuta aachiwe aamue mwenyewe ni lini atautengeneza?

Mji wa New York ulijibu kwa sheria ya mwaka wa 2008. Kila ukuta wa kuzuia udongo wenye kimo cha futi 10 au zaidi, yaani mita 3 hivi, unaoelekea njia ya watu wote, sharti ukaguliwe na mtaalamu kila baada ya miaka mitano. Mtaalamu huutia katika fungu moja kati ya matatu: ukuta ulio salama, ukuta ulio salama ila wahitaji matengenezo, na ukuta ulio hatari. Anayeulipia ukaguzi ni mwenye ukuta.

Katika miaka hiyo hiyo, wenye kutunza mbuga za taifa za Marekani walianza kuzihesabu kuta za barabara zao. Nyingi zilijengwa kwa mawe katika miaka ya 1930, wakati wa shida ya kazi, serikali ilipowaajiri vijana wengi. Waliandika kuta zaidi ya 3,000. Lakini kwa nchi nzima, sheria ya mwaka wa 2012 ililazimisha majimbo kuwa na mpango wa kutunza lami na madaraja ya barabara kuu. Kuta ziliachwa kwa hiari ya kila jimbo.

UZEE USIOONEKANA

Msidhani kwamba hatari ni ya kuta za mawe ya kale tu. Katika miaka ya 1960 injinia wa Kifaransa, Henri Vidal, alivumbua njia mpya. Badala ya kujenga ukuta mnene, alilaza mikanda ya chuma ndani ya udongo, tabaka juu ya tabaka, na mbele akaweka vibao vyembamba. Udongo wenyewe, ukishikwa na mikanda, unakuwa ukuta. Njia hiyo ni rahisi na imara, nayo imeenea duniani. Marekani waliitumia mara ya kwanza mwaka wa 1972, katika barabara moja ya milimani huko California.

Lakini chuma kilichozikwa hula kutu, na kutu ile haionekani. Ukuta wa mawe unapozeeka huinama na kuvimba, kama mzee anayeshika kiuno. Ukuta wa mikanda unaweza kusimama wima, uso wake safi, na ndani mikanda yake imekwisha kuwa myembamba. Kwa hiyo wajenzi wenye busara huzika vipande vya ziada vya chuma pamoja na ile mikanda, ili baada ya miaka kadhaa kimoja kichimbuliwe na kupimwa. Kuta za kwanza za namna hiyo zimepita miaka 50. Maandishi ya siku ya ujenzi yakiwa yamepotea, hakuna anayejua ndani mna nini.

KAZI YA KUANDIKA

Sasa nataka kusema nawe, wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukiwa mtu mzima. Labda unasema moyoni, mambo haya ni ya mainjinia, mimi yananihusu nini?

Mkaguzi anapofika penye ukuta hufanya nini? Huteremsha timazi aone kama umeinama. Hutazama uvimbe, nyufa, na mizizi ya miti iliyopenya katika mawe. Hutazama barabara iliyo juu: kama lami imepasuka mstari mrefu sambamba na ukuta, au imedidimia, hujua kwamba ukuta umesogea. Hutazama mfereji wa juu kama umejaa takataka. Penye ufa hubandika kipande chembamba cha kioo. Kioo kikivunjika, ufa ungali unatembea.

Hayo yote mtu yeyote mwenye macho anaweza kuyaona. Lakini jicho peke yake halitoshi, kwa sababu jicho husahau. Ukiuona ukuta umeinama leo, huwezi kujua kama umeinama tangu ulipojengwa au tangu mvua ya mwaka jana. Kinachojua ni maandishi. Mwaka jana mtu alipima, akaandika: tarehe fulani, umeinama upana wa vidole viwili. Mwaka huu mtu mwingine amepima, akaandika: vidole vitatu. Hicho kidole kimoja ndicho habari yenyewe, nacho hakipo ukutani. Kipo katika daftari.

Kwa hiyo kazi ya kukagua ni kazi ya kuandika. Serikali huona fahari kufungua barabara mpya, na watu hushangilia. Ukuta ambao haukuanguka hauna sherehe, na fedha ya kuutunza ni rahisi kuikata katika bajeti, maana mwaka ule hakuna atakayeona tofauti. Dawa yake ni orodha. Ukuta wenye namba, tarehe na hali yake iliyoandikwa unaweza kudaiwa haki yake barazani. Ukuta usiohesabiwa hautazamwi, na usiotazamwa hutengenezwa siku ya msiba.

Basi kama kijijini kwenu kuna ukuta unaoshikilia njia, nendeni mkautazame kabla ya masika. Andikeni mahali, tarehe, na mlichokiona. Zibueni mfereji wa juu, wala msiyazibe matundu. Mkiona uvimbe mpya, msisimame chini yake kubishana. Pelekeni barua kwa wenye kutunza barabara, na nakala ibaki kwenu. Barua yenye tarehe haifi upesi kama neno la mdomo.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ukuta wenye kimo cha mita 4 ni kazi kubwa zaidi ya mara mbili ya ukuta wa mita 2?
2. Methali ya ufa na ukuta inatufaa wapi katika somo hili, na wapi inahitaji maelezo?
3. Ukuta ulipoanguka New York mwaka wa 2005, nyufa zilikuwa zimekwisha kuonekana. Ni kitu gani kilichokosekana?
4. Ukuta ni wa mtu mmoja, na njia ni ya wote. Ni nani alipe gharama ya ukaguzi? Toeni sababu za kila upande.
5. Chagueni ukuta, tuta au mfereji mmoja ulio karibu nanyi. Andikeni habari zake kwa mistari sita, mkianza na tarehe ya leo.